Kichwa cha Jumapili

Joviana alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Kwao Muleba baba yake alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama atamuuliza malaika kwa nini mabawa yake yameota mgongoni na si kwapani, na malaika wa watu itabidi arudi juu kuulizia. Alipoolewa huku Chonyonyo, Karagwe, ugonjwa huo haukupona. Aliuliza kwa nini wakwe zake wafugaji hawagusi samaki. Aliuliza kwa nini jogoo wa jirani anawika mchana. Na tangu wiki ya kwanza ya ndoa aliuliza kwa nini mumewe, Ainebyona, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, alimwita mama yake mzazi "Dada Yudesi."

"Ndivyo nilivyozoea," Ainebyona alimjibu. "Nililelewa na bibi. Bibi ndiye niliyemwita mama."

"Na kwa nini ulelewe na bibi wakati mama yako yupo, mzima?"

"Joviana, maziwa yataharibika," alisema, akapanda pikipiki yake akaondoka. Alikuwa mchuuzi wa maziwa, akiyachukua kwa wafugaji na kuyapeleka kwenye hoteli za mjini. Maswali yote magumu aliyajibu kwa kuyawahi maziwa.

Swali hilo likakaa pembeni. Maana mwaka huu, baada ya kujifungua, Joviana alipata swali jingine lililomnyima raha kabisa: kwa nini kichwa chake kiliuma Jumapili?

Hakikuwa kichwa cha kawaida, cha jua au cha njaa. Kilianza na vimulimuli pembeni mwa jicho, vimejipanga kama meno ya msumeno, vikicheza hata akifumba macho. Vikiisha, nusu ya kichwa, ya kushoto, ilianza kugonga. Kisha kichefuchefu, kisha kutapika. Mwanga wa mlangoni ulimchoma. Kijiko kikianguka jikoni alitamani kulia. Alijifunga kanga kichwani akalala chumbani dirisha limefungwa, na mara nyingi hakuinuka mpaka Jumatatu jioni. Jumanne alikuwa mzima, akiimba. Katika usichana wake aliwahi kuumwa hivyo mara moja moja, na wakati wa ujauzito kilimwacha kabisa. Sasa kilikuwa kimerudi, na safari hii kilikuwa na siku yake.

Jambo la pili lilikuwa la mtoto. Atuhaire alikuwa binti wa miezi minne, mnene, mwenye macho ya kupekua. Katikati ya wiki alikuwa halali. Alisinzia kidogo, akashtuka, akalia, akakunja ngumi utadhani anadai haki yake. Lakini Jumapili na Jumatatu, siku zile zile mama yake alizokuwa hoi, mtoto alilala fofofo.

"Wewe unaumwa, yeye anapumzika," alisema Sperancia, jirani yake na mwenzake wa kazi. "Mmegawana zamu."

Kazi yao ilikuwa kupika akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo kila nyumba ya huku humkaribishia mgeni. Walichuma matunda ya kahawa, wakayachemsha na majani yenye harufu nzuri, wakayaanika juani mpaka yakauke vizuri, kisha wakayafunga kwenye magamba ya mgomba na kuyauza. Jumatatu mpaka Jumamosi moto uliwaka nyuma ya nyumba ya Joviana. Hata siku alizokuwa amelala, Sperancia aliendelea na kazi mwenyewe. Kahawa yao ilisifiwa mpaka Kituntu, na siri ya sifa hiyo, kwa maneno ya Joviana, ilikuwa kuonja. Akiwa mzima, hakuna sufuria iliyoshuka mekoni wala ungo ulioanuliwa kabla hajaonja, na mwonjaji alikuwa yeye.

Sperancia, kwa wema wake, ndiye aliyemletea vidonge kutoka duka la dawa, vile vya kichwa vinavyouzwa viwili viwili. Na ndiye aliyemwonya. "Ukimeza, usinyonyeshe mpaka kesho yake. Dawa inaingia kwenye maziwa. Utamuua mtoto." Basi Joviana akawa anameza, kisha anajikamua na kumwaga, huku machozi yakimtoka, na Atuhaire anapewa uji mwepesi ambao aliutema ukutani. Matiti yalimuuma Jumapili, yakalegea Jumanne, na alianza kuona kwamba maziwa hayaji kama zamani.

Mama mkwe wake, Yudesi, alikuja kuyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, aliyekaa upande wa Kyerwa, nyuma ya Kamuli, pale migomba inapokoma na nyasi za malisho zinapoanza. Alikaa siku kadhaa, akawaangalia mama na mtoto namna anavyoangalia ng'ombe wapya kwenye zizi. Siku ya kuondoka akatoa hukumu.

"Damu yako na ya mtoto hazipatani," alisema. "Yeye akilala, wewe unaumwa. Wewe ukipona, yeye halali. Mnanyang'anyana kitu kimoja. Mvua za kwanza zikinyesha, nyasi zikapata nguvu, nitakuja kumchukua. Ng'ombe wapo, atakunywa maziwa. Akitembea nitamrudisha."

"Mama, ni mdogo sana."

"Mdogo ndiye anayesahau upesi," Yudesi alijibu, akaangalia pembeni.

Joviana alimgeukia mumewe. Ainebyona alikuwa akikaza kifuniko cha dumu ambacho kilikuwa kimeshakazwa. "Dada Yudesi ana uzoefu," alisema.

Joviana aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa leba. Lililomuumiza zaidi ni kwamba mama mkwe alikuwa ameona sawasawa. Ni kweli mmoja alipolala mwingine aliumwa. Yudesi alikuwa ameliona jambo ambalo yeye, mwenye ugonjwa wa kuuliza, hakuwahi kuliuliza vizuri. Tofauti ni kwamba Yudesi alikuwa amepata jibu, na Joviana hakulitaka jibu hilo hata kulisikia.

Jumanne akambeba mtoto mgongoni akaenda zahanati.

Tabibu pale alikuwa mwanamke kijana aitwaye Niyonsaba, aliyehamia hivi karibuni kutoka Kibondo. Alimpima Joviana presha kabla hata hajakaa vizuri. "Mama aliyejifungua karibuni akiniambia kichwa, naanza na presha," alisema. "Hapo sibahatishi." Presha ilikuwa nzuri. Akauliza kuhusu homa, kuhusu ganzi, kuhusu vimulimuli na upande unaouma, na Joviana akaeleza yote mpaka msumeno.

"Hicho ni kipandauso," Niyonsaba alisema.

"Kumbe kina jina!" Joviana alifurahi kama mtu aliyetajiwa mwizi wa kuku wake. "Na dawa yake, Dokta, nikishameza, maziwa niyamwage kwa siku ngapi?"

Niyonsaba aliweka kalamu chini. "Unayamwaga?"

"Nayamwaga. Si yanakuwa sumu?"

"Nani kasema? Sikiliza, dada. Parasetamoli inaingia kwenye maziwa, ndiyo, lakini kiasi kidogo sana, kidogo kuliko kile ambacho mimi ningempa mtoto mwenyewe akiwa na homa. Ibuprofeni nayo vilevile, ila ule kwanza. Kikianza tu, usingoje kikolee. Meza kwa kipimo nitakachokuandikia, kunywa maji, nyonyesha."

"Siku hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo." Akachukua pakiti ya vidonge vya dukani ambayo Joviana alikuja nayo, akaigeuza. "Hivi ndivyo uachane navyo. Vina aspirini, na aspirini siyo ya mama anayenyonyesha. Wala usikubali dawa nyingine ya kipandauso ya kuambiwa tu. Zipo zinazoweza kukupunguzia maziwa. Na hata parasetamoli usiifanye karanga. Ukiimeza siku nyingi kila wiki, nayo huanza kuleta kichwa chake." Kisha akainua kidole. "Na siku kikija ghafla kama umepigwa rungu, au kwa homa na shingo kukakamaa, au mkono ukafa ganzi, maneno yakagoma, macho yakakataa kuona, hapo usisubiri siku ya kliniki. Njoo, au uende hospitali moja kwa moja."

Joviana alitikisa kichwa kwa kila neno. Sasa akauliza lile lililomleta: "Na kwa nini Jumapili?"

"Hapo ndipo kazi ilipo," Niyonsaba alisema, na ilionekana hata yeye swali limemnogea. "Kipandauso kina vitu vinavyokiamsha, na kila mtu ana vyake. Kukosa usingizi, kuchelewa kula, kiu, jua, harufu kali. Mara nyingi sababu si ya siku hiyo, ni ya jana yake. Unakunywa pombe?"

"Sinywi."

"Chai ya rangi?"

"Mara moja moja."

"Kahawa, unakunywa?"

"Kahawa sinywi kabisa, Dokta. Hata kikombe kimoja. Siipendi."

Na ilikuwa kweli tupu. Joviana hakuwahi kunywa kahawa maishani. Wakati akilijibu swali hilo alikuwa amesukuma punje ya akamwani kwenye shavu la kulia kwa adabu, kama mtu yeyote wa Kagera mwenye heshima anavyofanya akiongea na daktari. Niyonsaba, mtoto wa Kibondo, aliona shavu limevimba kidogo akadhani ni pipi.

Kuanzia hapo Joviana aliifuatilia Jumapili kama askari. Jumapili ya kwanza alishuku ubani wa kanisani, akakaa mlangoni kabisa, karibu na watoro wa mahubiri. Kichwa kikaja. Alimeza alivyoelekezwa, akanyonyesha chumbani gizani, kisha akakaa akimkodolea Atuhaire macho. Mtoto alicheua, akacheka, akalala. Joviana alilia kwa furaha huku kichwa kikigonga, na kulia kukamwongezea maumivu, na bado akafurahi. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani kabisa. Kichwa kikamfuata nyumbani. Akajaribu kuamka mapema akala ndizi na maharage kabla ya misa, akanywa maji mengi. Kikaja kimepungua makali. Hilo likawa la kushika. Lakini kilikuja.

Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kyerwa, na kila jioni Joviana aliyatazama kwa chuki.

Ndipo ikaja oda ya harusi. Watu wa Kituntu walitaka akamwani nyingi kwa haraka, na Joviana na Sperancia walipika Jumamosi mpaka jioni, wakapika na Jumapili kutwa, Mungu awasamehe. Moshi, jua, kazi bila kukaa. Joviana alisubiri kichwa. Kikakataa kuja. Jumatatu, kimya. Badala yake Atuhaire ndiye aliyekesha, siku zote mbili.

"Kichwa chako ni cha mfanyakazi," Sperancia alicheka. "Hakitaki mapumziko."

"Kwa hiyo kinachoniumiza ni kupumzika?" Joviana aliuliza.

"Mimi najua basi? Muulize huyo dokta wako."

Joviana hakucheka. Kitu kilikuwa kinamwita, karibu kabisa, na hakukiona. Jumanne alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, ungo wa kahawa iliyokauka miguuni, akainua ile pakiti ya zamani ya vidonge vya dukani ambayo alikuwa ameihifadhi bila sababu. Akasoma maandishi madogo kwa kukunja uso. Parasetamoli, sawa. Aspirini, ile iliyokatazwa. Na neno la tatu: kafeini. Akampigia Niyonsaba simu.

"Kafeini ni nini, Dokta?"

"Ni ile iliyomo kwenye kahawa na majani ya chai," Niyonsaba alisema. "Wanaiweka kwa sababu inasaidia kichwa kidogo. Shida yake, mwili ukiizoea kila siku halafu siku moja ukaikosa, unakasirika. Watu wengine wanapata kichwa kibaya siku wanayoikosa."

"Na mtoto anayenyonya?"

"Ikiwa nyingi kwa mama, inamfikia. Mtoto anakuwa halali, analialia."

Joviana alikuwa akisikiliza kwa makini sana, na mkono wake, bila kutumwa na mtu, ulikuwa ukichota punje kwenye ungo na kuzipeleka mdomoni. Aliuona mkono. Aliuona ukirudi ungoni. Akazitazama punje zilizobaki kiganjani, akautazama ungo, akahesabu kichwani nyungo zote alizoonja tangu Jumanne mpaka Jumamosi, wiki baada ya wiki, na jinsi Jumapili alivyovaa gauni la kanisani na kutoka bila hata punje moja, maana Jumapili hakuna cha kuonja.

"Maawe!" alisema.

"Sasa ukitaka kuiacha..." Niyonsaba alikuwa ndiyo kwanza anaanza sentensi. Joviana alikuwa amekata simu.

Nimesema alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Sikusema alikuwa na subira ya kusikiliza mpaka mwisho.

Siku hiyo hiyo aliitema iliyomo mdomoni, akambebesha Sperancia akamwani yote iliyokuwamo ndani, hata ile ya wageni iliyokaa kwenye kikapu sebuleni, akaapa kutoweka punje nyingine mdomoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ile, na safari hii aliiangalia bila woga. Yudesi akija atamkuta mtoto amelala na mama mzima. Atamweleza yote. Atamshangaza.

Alhamisi asubuhi vimulimuli vilikuja.

Hakuwahi kuumwa vile. Msumeno ulicheza macho yote mawili, kisha upande wa kushoto ukagonga kwa nguvu mpaka jino likawa linauma. Alitapika kwenye beseni. Alitapika tena wakati hakuna kilichobaki. Katika hali hiyo, huku mvua ikipiga bati, alisikia pikipiki ikisimama nje, akasikia sauti ya Ainebyona ikisema anarudi kuchukua madumu, na sauti kavu ikiitika.

Yudesi aliingia. Alikuwa amebeba chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko cha ukili, na begani kitenge kipya cha kumbebea mtoto.

"Shikamoo, Mama," Joviana alisema kutoka kitandani.

"Marahaba. Nilisema." Yudesi alisimama mlangoni, akalitazama beseni, akamtazama Atuhaire aliyelala fofofo pembeni. "Leo si Jumapili hata. Sasa kinakuja siku zote." Aligeuka akakaa sebuleni kidogo, kama mgeni anavyopaswa kukaa. Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Hata kahawa ya mgeni hakuna humu ndani?"

Atuhaire aliamka akaanza kutafuta titi. Joviana alipapasa chini ya mto, akapata vidonge vyake, akameza kwa maji huku amefumba macho, kisha akamvuta mtoto kifuani.

Yudesi alikuwa amerudi mlangoni na aliona yote. Alivuka chumba kwa hatua mbili akamnyofoa mtoto. "Umemeza dawa halafu unampa! Una akili kweli?"

Atuhaire alipiga ukelele. Ukelele ule ulipita kichwani kwa Joviana mpaka upande wa pili. Alitaka kupiga kelele na yeye, akashindwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Mama, nirudishie mwanangu. Kisha chukua simu yangu. Siwezi kuitazama, inanichoma macho. Mpigie Dokta. Usiniamini mimi. Muulize wewe mwenyewe."

Sijui ni kitu gani kilimfanya Yudesi akubali. Labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia aulize. Alimshika mtoto kwa mkono mmoja, akabonyeza simu kwa kidole cha mkono mwingine, akaiweka sauti ya nje, na Joviana, chini ya kanga yake, akasikia jambo ambalo hakulitegemea. Mama mkwe wake aliuliza maswali. Aliuliza dawa hiyo ni gani. Aliuliza inaingia kwenye maziwa au haiingii, na kama inaingia, kiasi gani, na mtoto akiipata anafanywa nini. Aliuliza kama ni ya wazungu tu au na watu wa huku wameipima. Niyonsaba alijibu moja baada ya jingine, polepole. Yudesi hakumkatiza hata mara moja.

"Na mbona amezidiwa namna hii?" Niyonsaba aliuliza mwishowe. "Amebadilisha kitu gani?"

"Hakuna," Yudesi alisema, kisha akakumbuka. "Nyumba haina kahawa. Nimefika sijapewa hata punje. Huyu anatafuna kutwa kama mbuzi, na leo mdomo wake mtupu."

Niyonsaba alipaza sauti. "Anatafuna kahawa? Aliniambia hanywi kahawa!"

"Hanywi. Nani anakunywa? Anatafuna."

Niyonsaba alivuta pumzi ndefu mpaka ikasikika. "Nilikuwa nataka kumwambia asiiache ghafla, akanikatia simu. Mama, mpe punje chache, mbili tatu tu. Maji, chakula kikikaa. Giza na utulivu. Kuanzia kesho apunguze kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mpaka ibaki kidogo ya kawaida, na Jumapili isipishane sana na siku nyingine. Ikifika jioni hajapata nafuu, mniletee huyo. Na mtoto anyonye. Anyonye sasa hivi."

Yudesi aliweka simu chini. Alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa akamwani yake ya njiani, akamtilia Joviana mdomoni. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda. Joviana alikuwa hawezi kuinua kichwa, basi Yudesi alimlaza mtoto ubavuni, akamshika kisogo, akamwelekeza kwenye titi na kumshikilia pale. Ukelele ukakatika. Walisikia mvua, na mtoto akimeza.

Yudesi hakuondoa mkono wake mpaka mtoto aliposhiba.

Mchana ulipogeuka, maumivu yalianza kushuka, kwanza kwenye jino, kisha kwenye jicho. Joviana aliweza kufumbua macho. Mama mkwe alikuwa bado chini, ameegemea kitanda, ameshika pakiti ya parasetamoli na kuigeuzageuza.

"Hivi vidonge," alisema, "ni vya juzijuzi?"

"Parasetamoli? Hapana, Mama. Ni vya zamani. Tulimezeshwa tangu tukiwa watoto."

"Zamani ya lini? Kabla hajazaliwa Ainebyona?"

"Kabla kabisa."

"Vilikuwepo."

"Vilikuwepo, Mama."

"Vilikuwepo," Yudesi alirudia. Aliiweka pakiti kitandani, mbali kidogo, akaifuta mikono yake kwenye kitenge. Joviana alifungua mdomo, na swali lake la siku zote lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Akafunga mdomo.

"Mimi nilikuwa na kichwa kama chako," Yudesi alisema. "Upande mmoja, na kutapika. Kilinianza Ainebyona akiwa mchanga. Nesi mmoja alinipa vidonge, mama mkwe akavitupa. Alisema vitaingia kwenye maziwa. Alisema damu zetu hazipatani. Akamchukua mtoto akaenda naye kwenye ng'ombe. Nilibaki na matiti yamejaa mpaka yakawa mawe, mpaka yakakauka yenyewe. Walipomrudisha alikuwa anakimbia. Nilifungua mikono. Akajificha nyuma ya bibi yake, akauliza, 'Huyu dada ni nani?' Watu walicheka. Na mimi nilicheka."

Joviana alikuwa analia, na safari hii hakujali kama kichwa kitarudi.

"Hakuwa mtu mbaya, yule mama," Yudesi aliendelea. "Alidhani anamwokoa. Na mimi miaka yote hii nimejiambia, aliokoka. Ndiyo maana nilitaka na huyu nimwokoe." Alikigusa kitenge kipya. "Wewe ungeuliza. Mimi sikuuliza."

Aliinuka taratibu, akaenda jikoni. Joviana alisikia kifuniko cha ukili kikifunguliwa na sufuria ikiwekwa mekoni. Yudesi alirudi na kikombe kikubwa cha maziwa yaliyochemshwa, akakipuliza, akamkabidhi Joviana.

"Kunywa," alisema. "Mtoto atayapata kwako."

Pikipiki ililia uani. Ainebyona aliingia akikung'uta maji ya mvua, akatazama kitenge kipya kilichokuwa bado kimekunjwa, akamtazama mtoto aliyelala kifuani kwa Joviana.

"Shikamoo, Dada Yudesi," alisema. "Mbona hamjajiandaa? Njia itaharibika."

Yudesi hakuitikia salamu.

"Mtoto haendi popote," alisema. "Kaa hapo chini, Ainebyona. Nataka nikueleze kwa nini unaniita dada."

Ainebyona alimtazama mkewe, akatazama nje kwenye madumu yake ya maziwa. Kisha akakaa. Na Joviana, kikombe mkononi, hakuuliza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.